Atupele wa Kikapu na Simu ya Baba Mkwe

Mpira wa kikapu siujui na sikuwahi kuupenda, naomba niseme hilo mapema ili mtu asije akanihoji njiani. Mimi ni mtu wa vitenge na ndoo. Duka langu liko Mbugani, hapa Kyela mjini, na kama ni mpira, basi ni ule wa miguu, ambao mume wangu Mansuri timu yake ikifungwa hata chai hanywi. Lakini Atupele nampenda, na ndiye aliyeniingiza kwenye mambo haya, mpaka leo nikipita sokoni wananiita "Mama Ribaundi". Mimi, Habiba, mjukuu wa watu wa Kilwa, na umri huu! Jamani.

Atupele ni mke wa Tuntufye, wa kule Ipyana. Ni mrefu, na sauti yake hufika dukani kwangu kabla yake. Siku za kazi utamkuta kwenye kakao: anapasua maganda, anavundika, anaanika, anageuza. Jumapili akitoka kanisani anapanda bodaboda na gauni lake lile lile la ibada mpaka kwenye redio yetu ndogo ya hapa mjini, anakaa mbele ya kipaza sauti na kuwaeleza watu wa Kyela habari za kikapu cha Marekani, Ulaya na Afrika. Nani kahama timu, kocha gani katimuliwa, na yeye mwenyewe anaonaje. Hapo kwenye kuona ndipo penyewe. Watangazaji wengine wanasoma habari. Atupele anagombana nazo.

Ugonjwa huo aliupata shuleni, Mbeya. Mwalimu mmoja aliutazama urefu wake, akamtoa kwenye netiboli akampeleka kwenye uwanja wa kikapu uliokuwa na goli moja. Goli moja, timu mbili! Akaupenda mchezo kufa. Alipoolewa goli lilibaki Mbeya, ugonjwa akaja nao Ipyana. Mechi za Marekani zikichezwa huku kwetu ni alfajiri, kwa hiyo anaamka kabla ya wenzake kufuatilia matokeo kwenye simu. Siku moja Tuntufye akamwambia, "Wake za wenzangu wanaamka kusali." Akajibiwa, "Na mimi nasali. Nasali wafunge."

Godwin, meneja wa redio, alimpa saa saba mpaka saa nane mchana, saa ambayo hakuna mtangazaji aliyeitaka kwa sababu watu wanakula. Baada yake anaingia Wilson na mpira wa miguu, na Wilson akiingia tu simu zinagombaniana. Kwa Atupele, simu ilikuwa kimya. Anaongea, anauliza swali, anangoja, kimya. Godwin akaanza maneno: kipindi kisicho na simu ni mtu anayeongea peke yake. Mwezi wa Julai akamwambia waziwazi kuwa mambo yasipobadilika, saa ile anapewa Wilson.

Atupele alikuja kukaa juu ya robota langu la vitenge, akalia. Sijazoea kumwona analia, nikakasirika badala ya kumbembeleza. "Saa moja tu ya redio, mwenzangu, ndiyo unajiliza hivi?" Akaniambia, "Da Habiba, wiki nzima mimi ni mke wa fulani, mama wa fulani, mkamwana wa fulani. Ile saa moja ndiyo yangu. Wakiichukua nitabaki na nini changu?"  

Sasa hapa nieleze jambo, maana wengine mtasoma mkiwa mbali. Kwa mila za Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawakutani. Mwanamke akimwona anakuja, anaacha njia anaingia migombani. Hamtazami, hamsemeshi, jina lake halitamki. Ni heshima, wanasema. Siku hizi nyumba nyingi zimelegeza, utawaona wamepanda bodaboda moja na wanacheka, lakini nyumba ya Mzee Anyitike, baba yake Tuntufye, haijalegeza hata kidogo.

Mara ya kwanza kwenda kwao kununua mchele, nilimwona mzee amesimama nyuma ya migomba anamwambia mbuzi, "We mbuzi, waambie wanaopika kwamba leo chumvi imezidi." Atupele akiwa jikoni akaitazama sufuria, akajibu, "We sufuria, waambie waliokula kwamba chumvi kaitia mtoto wao Tuntufye." Wallahi nilicheka mpaka nikakaa chini. Wao wawili hakuna aliyecheka. Ndivyo walivyoishi tangu ndoa.

Basi, mwaka ule wa 2024, Jumamosi moja ya Julai, Sudan Kusini walicheza na Marekani kule London mechi ya kujipima nguvu kabla ya Olimpiki. Sudan Kusini! Nchi ya juzijuzi, majirani zetu wa Afrika Mashariki, wenyewe wanasema hawana hata ukumbi mmoja wa ndani wa kuchezea kikapu. Marekani walipona kwa pointi moja, mia na moja kwa mia. Kesho yake Atupele aliingia hewani na salamu ya Kinyakyusa, kwa sauti ya mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Mugonile mwe bandu! Jana Marekani wameponea chupuchupu! Na Jumapili ijayo, Olimpiki, Sudan Kusini wanaanza na Puerto Rico. Mimi Atupele nasema wanashinda. Wanakimbia, wanatupa kutoka mbali, hawaogopi mtu. Asiyekubali apige simu."

Na simu ikalia. Mimi niko dukani, nikaacha kupima kitambaa. Hatimaye!

"Ugonile, mtangazaji," ikasema sauti ya mzee, nzito, yenye mikwaruzo. "Nimekusikiliza sana, leo nimeshindwa kuvumilia. Unawapotosha watu. Huko kutupa kutoka mbali ni uvivu. Mpira upelekwe ndani, chini ya goli, kwa mtu mrefu, afunge. Sisi tulipokuwa tunajenga reli..."

Nikasikia kishindo cha kiti kuanguka. Halafu kimya. Redio imewaka, haisemi. Nikaipiga kofi, nikaizungusha, nikamgeukia Mansuri nikamuuliza amegusa nini. Ule ukimya ulikaa mpaka mteja wangu akaanza kuuliza kama nchi ina usalama. Mwishowe ikaingia kwaya.

Haukupita muda, Atupele huyo mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Da Habiba, ni yeye!"

"Yeye nani?"

"Yule! Wa kule nyumbani! Aliyemzaa Tuntufye!" Hata pale, kachanganyikiwa hivyo, jina halitamki. "Nimeisikia sauti yake masikioni kwangu, ananisemesha mimi. Miguu imeondoka yenyewe. Nimekuja kushtuka niko barabarani."

Nilitaka kucheka, nilitaka kumpiga. Simu ya kwanza ya maana tangu kipindi kianze, na mtangazaji kakimbilia migombani! Migomba yenyewe hakuna, kakimbilia kwangu. Na Godwin alikuwa amefura. Redio kunyamaza hewani, alisema, ni aibu kuliko redio kuzimwa, na saa ile tayari ni ya Wilson. Nikafunga duka nikamfuata ofisini. Sitasimulia yote niliyomwambia Godwin, mengine hayaandikiki. Mwisho akasema, akiniita kwa jina la mwanangu, "Sawa, Mama Shani. Jumapili moja. Akitoka tena kwenye kile kiti, au simu zisipolia, Wilson anaingia na hatoki."

Kesho yake asubuhi nikaenda Ipyana. Nilimkuta Mzee Anyitike kwenye majamvi ya kakao, karedio kake kamefungwa kwenye nguzo kwa mpira wa baiskeli. Nikampa shikamoo yake kwanza, halafu nikampa na maneno yake.

"Mzee, umemharibia mtoto wa watu!"

"Mimi? Mimi nimepiga simu redioni kama raia yeyote. Redioni hanioni, wala mimi simwoni. Hatujakutana njiani, hatujala chungu kimoja. Kosa langu liko wapi?"

"Amekusikia!"

"Na mimi namsikia kila Jumapili. Mbona sijawahi kukimbia?"

Haya, jibu hilo.  Kumbe kila mmoja alikuwa ameishika mila kwa ncha yake: mzee aliona ni mambo ya macho na njia, mkamwana akaona ni mpaka masikio. Lakini nilipomwambia kuwa Atupele sasa ananyang'anywa kipindi, uso wa mzee ulibadilika. Akakaa kwenye kigoda, akaanza kuokota punje za kakao moja moja bila sababu.

Ndipo akanieleza. Ujana wake alikuwa kibarua wa reli, huko juu Mbeya, na Wachina walisimamisha magoli ya kikapu kambini. Jioni walicheza. Yeye ndiye aliyekuwa mrefu, yeye ndiye aliyekuwa akipelekewa mpira ndani. Reli ikaisha, akarudi Ipyana kulima, na huku hakuna aliyeujua mchezo ule. Ukimtajia mtu, anakuuliza kama ni ule wa wasichana.

"Nimekaa nao moyoni hivyo hivyo mpaka nimezeeka," akasema. "Halafu Jumapili moja nafungua redio, nasikia mtu anaongea kikapu. Nasikiliza vizuri, ni mke wa mwanangu. Mama Shani, katika Ipyana nzima yuko mtu mmoja tu ninayeweza kuongea naye kikapu. Na huyo mmoja ndiye nisiyeruhusiwa."

Machozi yalinitoka, sifichi. Hasira zote ziliniishia palepale.

"Sitampigia tena," akasema. "Siwezi kumvunjia heshima yake, wala yangu."

"Utapiga," nikamwambia. "Jumapili utapiga. Ila utaongea na mimi. Nitakaa humo studio. Wewe uniambie mimi, mimi nimwambie yeye."

Mzee akanitazama juu mpaka chini. "Wewe unajua nini kuhusu kikapu?"

"Na mbuzi wako anajua nini kuhusu chumvi?"

Ndiyo siku ya kwanza kumwona Mzee Anyitike anacheka.

Jumapili ikafika. Mechi ilianza saa sita mchana kwa saa za huku. Atupele alitoka kanisani mbio, tukakaa kwenye benchi nje ya redio na simu yake katikati yetu. Kabla mpira haujarushwa, likatokea jambo: badala ya wimbo wa taifa wa Sudan Kusini, wale waandaaji wakapiga wa Sudan, nchi waliyojitenga nayo vijana wale baada ya vita ya miaka na miaka. Hebu fikiria. Mimi nilishaanza kutukana. Atupele alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, macho yake yamejaa.

Saa saba tukaingia. Hedifoni zikanibana ushungi mpaka masikio yakauma. Upande wa pili wa kioo Godwin amekunja mikono, na nyuma yake Wilson, kavaa jezi, anangoja zamu yake na nyingine ya kurithi. 

"Mugonile mwe bandu. Ni mimi, Atupele. Wiki iliyopita niliwakimbia, leo nimefungwa kwenye kiti." Simu ikalia kabla hajamaliza.

"Mama Shani," ikasema ile sauti nzito.

"Naam, mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba. Mwambie huyo mtangazaji kwamba bado sijabadili mawazo. Mpira uende ndani."

Nikamgeukia Atupele, tuko goti kwa goti. "Mtangazaji, mzee anasema mpira uende ndani."

Atupele kafumba macho. Mkono mmoja umeshika ukingo wa kiti. Nikamkanyaga mguu.

"Dada Habiba," akasema, kwanza kwa sauti ndogo, "mwambie mzee kwamba ndani kuna msongamano. Wakati yeye anajenga reli, pointi tatu hazikuwepo. Sasa zipo. Mtu akifunga kutoka mbali mara mbili, wa ndani lazima afunge mara tatu ndipo walingane."

"Mzee, anasema ndani kuna foleni."

"Nimesikia! Mwambie foleni wanaiogopa wafupi!"

"Anasema unaogopa..."

"Nimesikia, da Habiba! Mwambie wafupi ndio wanaolipwa vizuri siku hizi!"

Sijui ilitokeaje, lakini dakika chache baadaye walikuwa wanafukuzana kwa maneno na mimi katikati nageuza shingo huku na huku, narudia mambo ambayo wilaya nzima imeshayasikia, tena nayarudia vibaya. Ribaundi, ule mpira unaodakwa ukikosa goli, nikaiita rabandi. Mzee ananisahihisha, Atupele ananisahihisha, na simu ya pembeni imeanza kulia. Akaingia mama mmoja wa Ikombe, jina lake Kisa, anasema yeye na wenzake wanafinyanga vyungu, wamecheka mpaka kimoja kimepinda, na wote wako upande wa mzee. Akaingia mwingine wa hapa Mbugani upande wa mtangazaji. Akaingia, Mungu anisamehe, Mansuri mume wangu, anataka kujua chakula chake kiko wapi. Godwin alikuwa ameshakunjua mikono.

Katikati ya vurugu hiyo Atupele akaeleza habari ya wimbo. 

"Mama Shani," akauliza mzee polepole, "muulize, vijana walifanyaje?"

"Walifanyaje?" nikauliza, ingawa niliona kwa macho yangu.

"Walisimama," akasema Atupele. "Mkono kifuani. Walisimama mpaka wakapigiwa wa kwao."

"Ee," akasema mzee. Halafu akarudia, "Ee. Hao wanashinda leo. Ndani au nje, wanashinda."

Puerto Rico hawakuwa watu wa kuachia, na kila Atupele akitazama simu nilikuwa naangalia uso wake kujua kama tunapona. Nilishasahau kwamba mchezo siupendi. Nilikuwa nauliza "Ngapi? Ngapi?" hewani, bila aibu. Mzee hakukata simu. Tulisikia watu wamejaa nyumbani kwake, watoto, majirani, mpaka Tuntufye anauliza nani kashika mpira. Dakika za mwisho Sudan Kusini wakawa mbele, Atupele akaacha kukaa kwenye kiti vizuri, akapiga magoti juu yake.

"Zimekwisha!" akapiga yowe. "Tisini kwa sabini na tisa! Sudan Kusini wameshinda kwenye Olimpiki! Mechi yao ya kwanza kabisa ya Olimpiki, wameshinda!"

Nilipiga vigelegele mpaka sindano za mitambo zikaruka. Ipyana kwa simu vigelegele, nje barabarani mtu anapiga honi ya bodaboda. Na ndani ya kelele hizo zote, sauti ile ikapasua:

"Atupele! Atupele, mwanangu! Ulisema! Wewe ulisema, mimi nikabisha, na imekuwa!"

Vigelegele vikakatika.  Kamwita jina. Kamsemesha yeye, moja kwa moja, bila mbuzi, bila Habiba, wilaya nzima inasikia. Nikamtazama Atupele. Alikuwa ameshashusha mguu mmoja chini, mkono uko kwenye hedifoni, tayari kuivua. Nyuma ya kioo Wilson akasogea mlangoni. Nikafungua mdomo nimsaidie, nirudie maneno ya mzee kana kwamba yamepitia kwangu, lakini Atupele akaninyooshea kiganja ninyamaze.

Akakaa. Akajivuta mpaka kwenye kipaza sauti, machozi yanamdondoka hadharani.

"Ndaga, tata," akasema, yaani asante, baba. "Ndaga fijo. Haya, sasa niambie mwenyewe: mpira uende ndani au nje?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Nje, mwanangu! Watupe tu kutoka huko huko nje!"

Saa nane ilikuwa imegonga, taa ya simu bado inawaka. Wilson akashika kitasa cha mlango. Godwin akamwekea mkono begani, akamrudisha kwenye benchi. "Kaa, kaka," nikamsikia akimwambia. "Saa hii ina mwenyewe. Na hii inayofuata leo mwachie."

Mimi nikavua hedifoni, nikaweka ushungi wangu sawa, nikanyanyuka kimya kimya. Hawakuniona hata nilipotoka. Walikuwa wanabishana, baba na binti, juu ya mechi inayokuja. Nimewahi kufukuzwa kazi na watu wengi, lakini siku ile, nilipofukuzwa kazi ya mbuzi, ndiyo pekee niliyorudi nyumbani nacheza.